Msiba wa Gurudumu

Bernadeta wa Luhungo alikuwa na ulimi ambao hata padre wa misheni aliuogopa. Akienda kuungama, majirani walisema, padre ndiye aliyetoka na malipizi. Alikuwa mjane, hana mtoto, na mali yake yote ilikuwa matuta ya maharage na kabichi mlimani juu ya Morogoro. Maji ya kumwagilia yalitoka kijito cha Mhondwe, kwa mfereji aliouchimba bibi yake mzaa mama. Kwa Waluguru shamba hufuata ukoo wa mama, na mfereji hufuata shamba. Jambo hilo halikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisahau.

Basi hapo ndipo alipotua Mdachi mmoja mwenye karatasi.

Jina lake Leberecht Stumpe. Lilimshinda kila mtu kulitamka, kwa hiyo akaitwa Bwana Gurudumu, maana alipanda kutoka Bagamoyo na wapagazi sitini na wawili wamebeba vipande vya chuma vichwani. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Wadachi waanze kutoza kodi ya nyumba. Alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei, ndevu nyeupe, nyusi za kufagilia uwanja, na fimbo ya kupimia ambayo hakuiweka chini hata akienda haja.

Habari zake watu walizipata kwa Stambuli, mnyapara wake, mtu wa Mwembesongo chini mjini. Stambuli alikuwa Mwislamu wa swala tano, Kidachi alijifunza bomani, na alipenda kusimulia kuliko kula.

"Mnamwona hivi hivi," alisema Stambuli. "Kwao ni mtoto wa msuka utepe. Ana miaka ishirini na miwili akavumbua mtambo wa kusuka tepe kumi na mbili kwa mpigo. Akajenga kiwanda, watu mia sita! Akavumbua mashine ya vifungo vya nguo, mashine ya kumenya viazi, mashine ya kumsugua farasi mgongo. Kila akivumbua kitu, serikali yake inampa karatasi, kwamba ni chake peke yake, mwingine asiguse. Anazo karatasi arobaini na moja."

"Sasa huku kafuata nini?" aliuliza Bernadeta. "Farasi wetu wana vumbi?"

"Wanawe, dada yangu. Wamekua, wamekitwaa kiwanda, baba yao wakampa kiti cha dirishani na blanketi la miguuni. Mzee akalitupa blanketi, akapanda meli. Anataka karatasi ya arobaini na mbili."

Na hiyo ya arobaini na mbili ilikuwa mashine ya kutwangia. Gurudumu kubwa lisukumwe na maji, lizungushe mhimili, mhimili uinue michi minane ya chuma na kuiangusha kwenye vinu vinane. Atwange mpunga na mahindi ya boma, na ya wapagazi wote wa njia kuu. Hapo wanawake wa Luhungo walifurahi, Bernadeta akiwa wa kwanza. Nani anapenda kutwanga? Anayesema anapenda kutwanga huyo ana mkamwana nyumbani.

Furaha ilidumu mpaka Bwana Gurudumu alipoziba kijito. Alijenga ukuta wa mawe juu kabisa, kabla ya mdomo wa mfereji, akayateka maji kwa magogo yaliyochongwa na kuyapitisha ng'ambo, mpaka bondeni lilikosimama gurudumu. Yakishasukuma, yalimwagika korongoni. Mfereji wa bibi yake Bernadeta ukakauka siku hiyo hiyo, na kiangazi ndiyo kwanza kinaingia.

Bernadeta hakungoja. Alimchukua mjomba wake, mzee Lukasi, mkuu wa ardhi ya ukoo, wakateremka.

"Shikamoo, bwana mkubwa," alisema mzee Lukasi, japo kwa umri walikuwa sawa.

Bernadeta yeye aliingia moja kwa moja. "Stambuli, mwambie hivi. Gurudumu halinywi maji, linayasukuma tu. Sasa kwa nini limwage korongoni? Aliweke kule juu kwenye poromoko, maji yanakoanguka bure tangu dunia iumbwe. Yakishamaliza kazi yake yaanguke kwenye mfereji wangu. Yeye atwange, mimi nimwagilie."

Bwana Gurudumu alisikiliza nusu. Kisha akanyanyua nyusi.

"Anasema," Stambuli akatafsiri huku akitazama kando, "yeye amevumbua vitu arobaini na kimoja. Anauliza, wewe umevumbua nini?"

"Mwambie nimevumbua kula kila siku bila karatasi."

Stambuli hakulitafsiri hilo, lakini Mdachi hakuwa mjinga. Alitoa karatasi ya boma yenye muhuri wa ndege, ikisema kijito cha Mhondwe amepewa yeye. Aliyegusa mawe yale angepata hamsa ishirini, na viboko ishirini na vitano vya askari si mchezo. Kuna watu Morogoro walikuwa hawajakaa kitako tangu mwaka juzi. Mzee Lukasi akamshika mpwa wake mkono, wakapanda mlima. Bernadeta alilia njiani, machozi ya hasira.

Wiki tatu gurudumu lilizunguka. Wiki tatu Bernadeta alibeba maji kwa mtungi, safari thelathini kwa siku, na bado kabichi zilijikunja na maharage yakadondosha maua. Alijua hesabu ya kiangazi. Ikipita wiki moja zaidi, shamba la mama yake limekwisha, na yeye atakuwa mtu wa kuomba unga kwa watu aliowatania miaka yote. Heri kufa!

Sasa, mhimili wa lile gurudumu ulikuwa gogo bichi. Mzee Lukasi alishamwambia Stambuli kwamba mti mbichi haubebeshwi mzigo, Stambuli akamwambia bwana, bwana akajibu kwamba kwao gogo la unene ule hubeba kengele ya kanisa. Haya. Jumanne asubuhi, magunia ya boma yamepangwa, ukasikika mlio kama mlima umepasuka. Mhimili vipande viwili! Gurudumu likalala ubavu, michi minane ikatawanyika matopeni.

Bwana Gurudumu alitoka na sabuni ya ndevu upande mmoja wa uso. Hakuutazama hata ufa wa gogo. "Wameiua!" alipiga kelele. "Wameiua mashine yangu!" Hapo hapo akamtuma mtu bomani kuwaita askari.

Stambuli alipoipandisha habari juu, watu walianza kufunga mizigo.

"Tukimbilie msituni," alisema mzee Lukasi.

"Tukikimbia tumekubali kosa," alisema Bernadeta. "Na maji je? Msituni nitapanda kabichi?" Alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. "Stambuli, Mdachi amesema mashine imeuawa?"

"Amesema. Tena mara sita."

"Basi imekufa. Na mfiwa ni yeye. Mbona hatujaenda kumpa pole?"

Mzee Lukasi aliona mpwa wake amepatwa na jua. "Sisi na Mdachi wapi na wapi, Bernadeta?"

"Mjomba, Wangoni walikuja zamani na mikuki wakatupiga. Leo ni nani wetu?"

"Watani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walitupiga, kisha tukapatana."

"Na Wadachi wametupiga au hawajatupiga?"

Mzee alifikiri. "Wametupiga."

"Na kodi tunalipa, tumepatana. Basi ni watani wetu. Na mtani akifiwa?"

Mzee Lukasi alikuwa amekaa mabaraza ya ukoo miaka thelathini. Aliitafuta kasoro katika maneno yale, asiione. Mtani akifiwa unakwenda. Unavaa nguo za marehemu, unamwigiza, unawachekesha waliofiwa mpaka machozi yakosee njia. Unalala kaburini ukakataa kutoka mpaka upewe unachotaka. Na mfiwa akikasirika, aibu ni yake. Hivyo ndivyo mambo yalivyo.

"Haya," alisema mzee. "Lakini mimi nitakaa nyuma."

Waliteremka watu arobaini, kaniki viunoni, majivu usoni. Mbele alikuwa Felista, jirani yake Bernadeta, mwanamke aliyeweza kulia kwa kukodiwa. Bwana Gurudumu aliketi juu ya gunia, kichwa mikononi, alipolisikia lile yowe.

"Eee, chuma cha watu!" alilia Felista, akigaagaa kando ya gurudumu. "Umetuacha na michi yetu mikononi! Umekunywa Mhondwe nzima na bado umekufa na kiu, eee!"

Wakaitikia wote. Na Bernadeta akaanza kazi. Alimpokonya bwana kofia, akaivaa. Akachukua ile fimbo ya kupimia, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulithubutu, akampima Felista nyonga, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akampima mjomba wake pua, akaandika kiganjani. Akajipaka povu la sabuni kidevuni, akanyanyua nyusi, akatembea kwa magoti magumu akifoka Kidachi cha kubuni. Mwigo ulikuwa ule ule! Wapagazi walianguka chini kwa kicheko. Stambuli aligeukia mlima mabega yakimtikisika.

Kisha Bernadeta akaenda kwenye shimo la gurudumu, refu, lenye tope mpaka kifundoni, akaingia, akajinyoosha chali, kofia tumboni.

"Sitoki," alisema.

Hapo ndipo askari walipofika. Walikuwa wanne na ombasha wao, jitu la Kingoni lenye masharubu, kiboko mkononi. Alisimama ukingoni, akatazama majivu, akatazama kaniki, akamtazama mwanamke aliyelala shimoni na kofia ya Mzungu.

"Kafa nani?" aliuliza.

"Gurudumu," walijibu.

"Mfiwa?"

"Huyu Mdachi."

"Na wewe humo ndani?"

"Mtani wake," alisema Bernadeta bila kufumbua macho. "Na wako pia, mwizi wa mbuzi wa bibi yangu wee. Umekuja kurudisha?"

Masharubu ya ombasha yalicheza. Alijitahidi, jamani, alijitahidi. Akakohoa, akatazama juu, kisha akakilaza kiboko chini polepole.

"Bwana mkubwa," alisema, "hapa siwezi. Hamsa ishirini ni ya mhalifu. Hawa wako msibani, na msibani hapigwi mtu." Kwa kuwa na yeye alikuwa mtani, akakichukua kikopo cha tumbaku cha bwana kilichokuwa juu ya gunia, akakitia mfukoni, akaketi kuomboleza.

Bwana Gurudumu alisimama peke yake katikati ya watu. Stambuli alimweleza yote, utani ni nini, vita, mapatano, kaburi. Mzee akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza, mnalia kweli?" alisema Stambuli, na bila kungoja akamjibu mwenyewe, kweli tupu mara moja maishani mwake. "Nusu, bwana."

Mzee akaketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia, akaanza kusema, na Stambuli akawa anatafsiri nyuma yake bila kuongeza chumvi. Ule mtambo wa kwanza, wa tepe kumi na mbili, haukumaliza mwezi. Wasukaji wa mtaani kwao walikuja asubuhi na mashoka wakaukatakata, wakautupa mtoni, wakacheka. Baba yake alikuwamo. Baba yake alikuwa ameshika shoka la pili.

"Anasema amezika mashine nyingi," alisema Stambuli, "na hii ndiyo ya kwanza kuliliwa. Hata nusu."

Bernadeta alifumbua macho. Alimwonea huruma yule mzee, na huruma hiyo ikamuudhi, maana alikuja kushinda.

"Pole sana, mtani," alisema. "Lakini sitoki."

Bwana Gurudumu akatia mkono mfukoni, akatoa rupia. Bernadeta alitikisa kichwa. Mzee akatoa ya pili.

"Mwambie rupia hainyweshi kabichi. Mimi nataka maji." Na hapo hapo alipolala, kwa ncha ya ile fimbo, akachora kwenye ukuta wa tope wa shimo: poromoko hili, gurudumu hapa, mfereji chini yake.

Mzee aliinama akatazama. Akashuka shimoni na viatu vyake vyeusi, akafuta mstari mmoja kwa kidole, akauchora upya umepinda kidogo. Bernadeta akaufuta, akaurudisha ulipokuwa. Walibishana hivyo kwa muda, yeye Kidachi, huyu Kiluguru, tope mpaka viwikoni, na hakuna aliyemhitaji Stambuli. Mwishoni mzee alisimama, akajifuta, akasema neno kwa heshima zote.

"Anasema," alitafsiri Stambuli, uso mkavu kama wa kadhi, "wazo hilo alikuwa nalo tangu mwanzo."

"Mwambie najua. Nimelala hapa ili nimkumbushe."

Gurudumu likahamia poromokoni, na mhimili wa mti mkavu aliouchagua mzee Lukasi. Maji yalisukuma, yakaanguka, yakaingia mferejini, na kabla ya vuli Bernadeta alikuwa na kabichi kubwa kama vichwa vya askari. Mchoro ulipelekwa Ulaya, karatasi ya arobaini na mbili ikaja na jina moja tu. "Na mimi niko wapi?" aliuliza Bernadeta alipoonyeshwa. Mzee akakodolea macho dari. Lakini kila mwaka, kama ilivyo kwa mtu anayekaa kwenye ardhi ya ukoo mwingine, alimpelekea mzee Lukasi ngoto yake, ile ada ya ardhi, jogoo mmoja na jembe alilolifua mwenyewe. Na kila mwaka Bernadeta alimwibia kofia. Naye siku moja akamletea zawadi, mashine ya kumenya viazi. Bernadeta akaitundika shambani kutishia ndege. Bwana Gurudumu akamwita punda wake Bernadeta. Bernadeta akamwita jogoo wake Leberecht, akamchinja Pasaka.

Utani huo ulikwenda miaka minane, mpaka ule mwaka reli ilipofika Morogoro. Treni mojawapo ya zile za kwanza ilimleta mwanawe mkubwa, mmoja wa wale waliompa kiti cha dirishani, kijana wa miaka arobaini mwenye ukosi uliobana shingo. Baba yake alikuwa kitandani, homa haimwachi. Kijana alizunguka kuupima mlima. Poromoko halikumtosha, alitaka nguvu zaidi, mashine ya mkonge, gurudumu lirudi bondeni na maji yote nalo. Karatasi ya Mhondwe ilikuwa ikienda kuwa yake. Bernadeta alipolisikia hilo hakulala, na si kwa sababu ya maji peke yake.

Mzee alifariki Ijumaa alfajiri. Kaburi lilichimbwa pale pale, karibu na poromoko, kama alivyotaka. Walikuja padre, bwana mmoja wa boma, ombasha yule yule akiwa sasa na mvi masharubuni, na Luhungo yote na kaniki zao. Jua lilikuwa kali. Jeneza lilipoletwa ukingoni, wabebaji wakasita.

Bernadeta alikuwa ndani.

Amejinyoosha chali kama mwaka ule, kofia ya marehemu tumboni. Miaka ilikuwa imemwongezea kilo, kaburi lilijaa.

"Sitoki," alisema.

Mwana alifoka. Bwana wa boma akamtazama ombasha. Ombasha akatazama mawingu, ambayo hayakuwapo. "Msibani hapigwi mtu," alisema. Padre akafungua kitabu chake, akakifunga, akasema kwamba yeye kwa huyu mama alishashindwa zamani.

"Anataka nini?" aliuliza mwana. Alitoa rupia, akatoa kumi. Jasho lilimtiririka ndani ya ukosi, wabebaji wakaanza kulalamika, na watu mia mbili wakamtazama kwa upole mkubwa, kama watu wasio na safari.

"Namtaka marehemu aende na karatasi yake ya maji," alisema Bernadeta. "Alikuja nayo. Aende nayo."

Ilikuwa mfukoni mwa koti la mwana, imekunjwa mara nne. Alisimama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Kisha akaitoa na kuitupa shimoni, maana la kufanya lingine hakuwa nalo, na kwenda bomani kuomba nyingine kungemlazimu aandike kwamba ile ya kwanza aliitupa kaburini kwa mkono wake. Bernadeta aliitandika chini vizuri, akaiwekea jiwe juu, upepo usije ukawa mjanja kuliko yeye. Watu sita wakamvuta juu.

Alipofika juu, kicheko alichokiandaa hakikuja. Alilia, safari hii si nusu.

Stambuli alimsogelea, akamnong'oneza. "Dada Bernadeta. Hujajiuliza kwa nini kijana alikuja mazikoni na karatasi ya kijito mfukoni?"

Bernadeta akamgeukia.

"Mzee ndiye aliyeniagiza, Jumatano. Alisema, 'Siku ya kunizika, mwambie mwanangu bwana wa boma ataiulizia karatasi ya maji, asiiache nyumbani.' Nikamuuliza, kwa nini, bwana? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Huo ni uvumbuzi wangu wa arobaini na tatu. Mtani wangu atajua pa kulala.'"

Bernadeta alisimama ukingoni, akalitazama jeneza likishuka polepole juu ya karatasi. Mara ya kwanza Luhungo kumwona kakosa neno.

"Fedhuli wewe!" alipiga kelele kaburini, machozi yakimtoka na kicheko kikimfuata nyuma. "Wazo hilo nilikuwa nalo tangu mwanzo!"

Kisha akaivaa ile kofia, akaenda kumwagilia kabichi.